Waacheni wabishane

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya neno moja lililoharibiwa jina, neno kusaidiana. Kwenye msiba ni neno zuri. Kwenye harusi ni neno zuri zaidi, hasa siku ya michango. Lakini litaje pamoja na mwanafunzi na mtihani, uone sura zinavyokunjamana. Ukisikia kwamba wanafunzi wa shule fulani "wamesaidiana", ujue wameibiana; ujue msimamizi aligeuka kutazama dirishani na vikaratasi vikatembea. Baraza la Mitihani hufuta matokeo kwa sababu hiyo, na linafanya vizuri kuyafuta.

Mimi leo natetea kusaidiana kwa namna nyingine, kule kunakofanyika miezi kadhaa kabla ya mtihani, mchana kweupe, watoto wakiwa na ubao, chaki na madaftari. Na nitatetea kwa mada moja tu ya hisabati, takwimu na uwezekano. Nimeichagua kwa sababu ni mada ya mambo tunayoyafanya kila siku. Tunarusha sarafu, tunakadiria mvua, tunapima wastani wa mauzo ya genge. Hata hivyo ndiyo mada ambayo mwanafunzi hodari anaweza kuikosa kabisa akiwa peke yake, na asijue kwamba amekosa.

Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, mama mmoja jirani yangu aliniomba nikaone binti yake na wenzake wanafanya nini katika darasa la shule ya msingi ya mtaani kwetu. Mama alikuwa na wasiwasi. Alikuwa ameambiwa na majirani kwamba pale wavulana na wasichana wanakaa wanacheka tu mpaka jioni. Nikaenda. Nikawakuta watano, wavulana watatu na wasichana wawili, wote wa kidato cha nne. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, endeleeni." Nikakaa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yamenifika kidevuni, nikasikiliza.

Ni kweli walikuwa wanacheka. Walikuwa na swali kutoka kwenye pasti pepa, nalo ni fupi. Sarafu mbili zinarushwa kwa pamoja. Tafuta uwezekano wa kupata angalau kichwa kimoja. Watu watano, majibu matatu. Mmoja alisema nusu. Wawili walisema theluthi mbili. Wasichana wote wawili walisema robo tatu.

Wale wa theluthi mbili walieleza hivi: ukirusha sarafu mbili, mambo yanayoweza kutokea ni matatu tu. Ama vichwa viwili, ama wanyama wawili, ama mchanganyiko. Katika hayo matatu, mawili yana kichwa. Kwa hiyo mbili juu ya tatu, mchezo umekwisha. Nakuomba, ndugu msikilizaji, usiwacheke. Hebu jiulize wewe mwenyewe, hapo ulipo, kosa liko wapi? Watu wazima wengi nimewauliza swali hilo tangu siku ile, akiwamo mhasibu mmoja, na wengi wamejibu hivyo hivyo.

Binti wa jirani yangu hakuwaambia kwamba wamekosa. Alitoa mfukoni sarafu mbili, moja ya shilingi 200, yenye kichwa cha Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili, nyingine ya shilingi 50. Akasema: "Haya, hizi si mapacha. Niambieni mchanganyiko unapatikana kwa njia ngapi." Kukawa kimya. Kisha mmoja akasema polepole kwamba inaweza kuwa kichwa kwenye mia mbili na mnyama kwenye hamsini, au mnyama kwenye mia mbili na kichwa kwenye hamsini. Njia mbili. Basi mambo yanayoweza kutokea si matatu, ni manne, na katika hayo manne matatu yana kichwa. Robo tatu.

Mwenzake hakukubali. Alisema mtihani haukusema sarafu ni tofauti, na kama zote mbili ni za mia mbili hesabu lazima ibadilike. Hoja hiyo ina akili ndani yake. Wakabishana kama dakika ishirini. Je, sarafu zinajua kwamba zinafanana? Mimi ningekuwa mwalimu ningekuwa nimekwisha kuwaandikia jibu ubaoni, na hapo ndipo ningewaharibia. Mwishowe wakaamua kurusha sarafu zenyewe, mbili za mia mbili, na kuweka alama ubaoni. Walirusha mara 40. Mara 31 kulikuwa na angalau kichwa kimoja. Kwa robo tatu ungetarajia 30. Kwa theluthi mbili ungetarajia kama 27. Mkaidi wetu akasema 31 si 30, na 27 si mbali. Kweli, mirusho arobaini ni michache mno kumtia mtu hatiani. Walitaka kufika mia mbili, lakini mlinzi akaja na funguo zake, saa kumi na mbili imefika.

Huyo wa theluthi mbili yuko katika kundi la wakubwa. Mwaka 1754 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, d'Alembert, mmoja wa wanahisabati waliosifika sana Ulaya wakati huo, aliandika makala katika ile ensaiklopidia kubwa aliyoihariri pamoja na Diderot. Swali lilikuwa hili hili, kurusha sarafu mara mbili na kupata kichwa angalau mara moja. Kwa njia iliyotofautiana kidogo na ya kijana wetu, akadai kwamba jibu ni theluthi mbili. D'Alembert hakuwa mjinga. Swali lenyewe ni la hila, na mtu akiwa peke yake na kalamu yake hana wa kumwuliza, "Hebu nionyeshe hiyo ya tatu umeihesabu vipi."

Sasa nirudi kwa yule wa kwanza, aliyesema nusu. Huyu ndiye aliyeniuma. Nilimwuliza amepataje nusu, akanionyesha. Alikuwa ameorodhesha yote manne, sawasawa kabisa, kabla ya wenzake wote. Kisha akachagua yale mawili yenye kichwa kimoja tu. Mbili juu ya nne, nusu. Hesabu yake haikuwa na dosari hata moja, ila alikuwa amejibu swali lingine. Swali limeandikwa kwa Kiingereza, na yale maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "angalau" yeye aliyasoma kama "tu". Alipoambiwa na mwenzake kwamba maana yake ni kimoja au zaidi, alijipiga paji la uso. "Kumbe!" Hesabu aliirekebisha kwa sekunde tano.

Ndugu msikilizaji, watoto wetu wa shule za msingi za serikali wanasoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya shule hiyo. Wakiingia kidato cha kwanza, kila kitu kinageuka Kiingereza. Katika hesabu za kujumlisha na kuzidisha hilo halina madhara makubwa, maana namba ni namba. Lakini katika uwezekano swali zima limebebwa na vijineno. Angalau. Si zaidi ya. Bila kurudisha. Ikiwa imekwisha kujulikana kwamba. Chukua mfuko wenye gololi 5 nyekundu na 3 za bluu. Unatoa mbili, moja baada ya nyingine. Uwezekano kwamba zote ni nyekundu ni upi? Kama ya kwanza hairudishwi mfukoni, ni tano juu ya nane mara nne juu ya saba, yaani 5/14. Kama inarudishwa, ni tano juu ya nane mara tano juu ya nane, yaani 25/64. Tofauti yote iko katika neno moja la Kiingereza. Anayelijua na asiyelijua wanaweza kuwa na akili sawasawa ya hisabati, lakini mmoja atapata vema na mwingine mkasi.

Na hapo ndipo kundi la watoto watano linapofanya kazi ambayo kitabu hakiifanyi. Wanasoma swali kwa Kiingereza, wanabishana kwa Kiswahili, kisha wanaandika jibu kwa Kiingereza. Niliwasikiliza kwa makini. Ubishi wote, tangu "wewe hujanielewa" mpaka "haya nimekubali", ulikuwa Kiswahili kitupu. Katika shule yao ya sekondari, ambayo sitaitaja, ukisikika unaongea Kiswahili uwanjani unapewa adhabu ya kuokota takataka au kumwagilia bustani. Nia yake naielewa, watoto wazoee lugha ya mtihani. Lakini mtoto anayeogopa kumwagilia bustani hatauliza "bila kurudisha maana yake nini". Atanyamaza, na kimya chake mwalimu atakihesabu kuwa ni kuelewa.

Kuna mzee mwenzangu aliniambia kwamba ubishi si masomo, masomo ni kumsikiliza mwalimu. Nikamjibu kwamba elimu yenyewe ya uwezekano ilikua kutokana na watu wawili waliosaidiana swali. Mwaka 1654 mtu mmoja mpenda kamari wa Ufaransa, anayejulikana kama Chevalier de Méré, alimpelekea Blaise Pascal tatizo. Watu wawili wanacheza mchezo wa bahati tupu, wa kwanza kushinda mara tatu anachukua fedha zote. Kila mmoja ameweka sarafu 32 za dhahabu. Mmoja amekwisha shinda mara mbili, mwenzake mara moja, na mchezo unakatizwa. Tuseme mvua imenyesha, au mlinzi amekuja na funguo. Fedha zigawanywe vipi?

Pascal alikuwa Paris. Hakukaa na swali hilo peke yake, alimwandikia Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, na Fermat akamjibu. Jibu la Pascal linaelezeka hata redioni. Tuseme wangecheza mara moja zaidi. Anayeongoza akishinda, anachukua zote 64. Akishindwa, wanakuwa sawa, mbili kwa mbili, na kila mtu anastahili 32 zake. Kwa hiyo hizo 32 ni zake kwa vyovyote vile. Zinabaki 32 nyingine, ambazo nafasi yake na ya mwenzake ni sawa, basi wagawane nusu kwa nusu, 16 kila mmoja. Anayeongoza apate 48, mwenzake 16. Fermat alifika hapo hapo kwa njia nyingine, ya kuorodhesha yote yanayoweza kutokea. Baadaye Pascal alidhani njia ya Fermat inashindwa wachezaji wakiwa watatu, na Fermat akamwandikia kumwonyesha kwamba haishindwi. Wakubwa hawa walikuwa wanafanya lile lile nililoliona kwenye darasa la pili, tofauti ni kwamba wao walisubiri posta.

Sisemi kwamba kila kundi ni zuri. Nimeona makundi ambayo mmoja anaandika na wanne wananakili. Nimeona pia makundi ya kwenye simu, na haya sasa ni mengi kuliko ya ubaoni. Mtoto akiwa nyumbani anapiga picha ya swali, anairusha kwenye kundi, na kabla chai haijapoa jibu limerudi, limeandikwa vizuri, pengine limetoka kwenye mashine ambayo haikuulizwa imelipataje. Anakopi, anashukuru, analala. Wenyewe wanaita kudesa. Ubaya wake si kwamba jibu ni la uongo, maana mara nyingi ni la kweli. Ubaya wake ni kwamba yule kijana wa nusu, kama angepiga picha ya swali lake la sarafu, angeletewa robo tatu na asingejua kamwe kwamba hesabu yake ilikuwa sawa na kilichomponza ni neno moja. Angejihesabu mbumbumbu wa uwezekano, naye si mbumbumbu.

Upande wa takwimu ndiko kunakokaririwa zaidi. Kuna ile kanuni ndefu ya kutafuta namba ya kati katika jedwali la marudio, watoto wanaiimba kama wimbo wa mchakamchaka. Yule msichana wa pili, mpole sana, aliuliza swali ambalo kanuni haiulizi: kwa nini tunataka namba ya kati wakati wastani tunao? Hakuna aliyejibu. Nikaomba ruhusa ya kuchangia. Nikasema duka lina wafanyakazi wanne wanaolipwa shilingi 200,000 kila mmoja kwa mwezi, na mwenye duka anayejilipa 2,200,000. Jumla ni milioni tatu, watu ni watano, wastani ni 600,000. Nani pale analipwa 600,000? Hayupo. Namba ya kati ni 200,000, nayo ndiyo hali halisi ya duka lile. Binti akaandika kwenye daftari lake, kisha akaniuliza kama wanaotangaza wastani wa mishahara kwenye magazeti wanajua jambo hilo. Nikamwambia wanajua.

Nilipokuwa naondoka siku hiyo yule mkaidi akanitania. Nadhani walikuwa wameshautumia utani huo wao kwa wao. Ni kwamba katika mtihani wa kidato cha nne, somo la hisabati ndilo linaloangusha wengi. Mwaka 2020, na mwaka 2021 pia, waliofaulu somo hilo nchi nzima walikuwa kama mmoja kati ya watano. Baadaye kiwango kilipanda kidogo. Basi kijana akasema: "Mzee, mmoja kati ya watano, na sisi tuko watano. Sasa tunatafutana ni nani." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nikatembea nalo hilo mpaka nyumbani.

Ukilichukua kama swali la mtihani, jibu lake linatisha zaidi ya utani. Kama kila mmoja ana nafasi moja kati ya tano, na bahati ya mmoja haihusiani na ya mwenzake, uwezekano kwamba hafaulu hata mmoja ni nne juu ya tano, ijizidishe mara tano. Inakuja 1024 juu ya 3125, karibu theluthi moja. Yaani katika makundi matatu ya namna hiyo, moja lingetoka mikono mitupu kabisa. Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba bahati ya mmoja haihusiani na ya mwenzake. Walimu wa hisabati wanalijua sharti hilo na wanalifundisha. Na pale darasani sharti hilo lilikuwa limevunjwa mbele ya macho yangu. Neno "angalau", alilolijua binti mmoja saa tisa, walilijua watano ilipofika saa kumi. Watoto hawa si sarafu, matokeo yao yamefungamana. Mzazi anayemvuta mwanawe kutoka kwenye kundi ili asome peke yake chumbani anadhani anamwondoa kwenye hatari; kwa kweli anamrudisha kwenye ile hesabu ya moja kati ya tano.

Sasa niseme lililonifanya nilete mazungumzo haya. Wiki iliyofuata watoto walipokwenda walikuta geti limefungwa kwa kufuli mpya. Uongozi wa shule ile ya msingi ulikuwa umepokea malalamiko ya majirani, yale yale ya wavulana na wasichana kucheka pamoja, ukaamua kwamba siku za Jumamosi hakuna kundi lolote kuingia. Mlinzi aliniambia kwa upole kwamba yeye ametumwa tu. Yule mama jirani yangu alikwenda kuomba, akaambiwa alete barua. Akaleta. Akaambiwa barua inasubiri kikao.

Naelewa hofu ya wazazi wenye mabinti, mimi mwenyewe ni mzazi. Lakini darasa lile lina madirisha yasiyo na mapazia, liko wazi pande zote mbili, na mlinzi anapita kila nusu saa. Akitakiwa mtu mzima wa kukaa nao, wapo wastaafu mtaani, na wawili nimeshazungumza nao, mmoja aliwahi kuwa karani wa benki na hesabu za asilimia anazifanya kichwani. Mimi pia niko tayari, maadamu nitaruhusiwa kubeba kiti changu kutoka nyumbani.

Kwa sasa watoto wanakutana kwenye baraza la kinyozi, ambaye amewakubalia kwa hisani yake. Ubao hawana, wanaandika kwa chaki kwenye sakafu na wateja wanaukanyaga mchoro wakiingia. Redio imefunguliwa kwa sauti, na Simba au Yanga wakicheza hakuna anayeweza kusikia neno. Wa tano ameacha kuja, maana nyumbani kwao ni mbali. Ndiye yule wa nusu.

Ufunguo wa darasa lile uko mfukoni mwa mtu mmoja, naye najua husikiliza kipindi hiki. Mtihani unaanza Novemba. Tukutane wiki ijayo, kwaherini.